Jibu: Ute nyuma ya ngoma ya sikio, tusubiri kweli miezi 3?

Habari dada. Nimekuelewa: mwanao wa miaka 5 hana homa wala maumivu, ila anapandisha sauti ya runinga. Daktari kaona ute nyuma ya ngoma ya sikio, kasema msubiri miezi 3, nawe unahisi mnapuuzwa.

Hampuuzwi. Kwa watoto wengi ute huo huisha wenyewe ndani ya muda huo. Wangu tulimwita mkaidi muda mrefu, hadi siku niliposimama nyuma yake nikamwita kwa sauti ya chini. Hakugeuka. Akiniangalia mdomoni, anajibu vizuri tu. Niliona aibu, kusema kweli.

Kwanza ulizia kipimo cha usikivu, masikio yote mawili. Kumulika sikio peke yake hakuonyeshi mtoto anasikia kiasi gani. Na usijinunulie antibayotiki wala dawa za mzio kwa ajili ya ute huu, hazisaidii kitu cha maana.

Mkiwa mnasubiri, uliza kuhusu puto maalumu la kupuliza kwa tundu la pua, mara 3 kwa siku. Uingereza walilijaribu kwa watoto 320 wa miaka 4 hadi 11, matokeo yakachapishwa 2015: baada ya mwezi, waliopona sikio ni kama 47 kwa kila 100, wasiopuliza 36. Si muujiza, lakini wangu aliona ni mchezo, kwa hiyo hatukugombana.

Mimi ni mzazi tu, si daktari. Ila sikio likitoa usaha, au ukiona maneno yake yanarudi nyuma, msingoje miezi iishe.