Tawi lipi? Kwa wanaoanza kupiga milinganyo kwa kompyuta

Wadogo zetu wa politekniki hapa Lubumbashi, kwenye TP (mazoezi ya vitendo) mtakutana mapema na mlinganyo (y′)² + y² = 1, y ikianza 0 pale x = 0; y′ ni kasi ya y kubadilika x ikisogea. Ni nishati ya mzigo unaocheza kwenye springi. Wengi wanatoa kipeuo cha pili, wanaandika y′ = √(1 − y²), kisha wanaiachia kompyuta.

Kwa njia ya Euler, yaani kila hatua kuongeza kwenye y h mara y′, yenye hatua h = 0.1, y ikishapita 0.98 hivi, hatua inayofuata inairusha juu ya 1. Ndani ya kipeuo panaingia namba hasi, skrini inajaa NaN (“si namba”). Kupunguza h hakuponyi: ajali inatokea y ikibakiza kama 2h² kufika 1, basi mnaisogeza tu. Dawa inayopendwa, kuibana y isizidi 1, ni mbaya zaidi. Mchoro unafika 1 na kulala pale moja kwa moja, na mkihakiki, 0² + 1² = 1, mlinganyo umetimia! Kweli y = 1 ni jibu halali, ila si la springi. Mzigo ukifika mwisho, springi inaurudisha. Mlinganyo wa nishati haulijui hilo. Sheria ya Newton inalijua.

Basi nyambueni (tafuteni kasi ya kubadilika ya kila upande) mara moja: 2y′y″ + 2yy′ = 0. Gawanyeni kwa 2y′, inabaki y″ = −y, ndiyo sheria ya Newton ya springi hii. Hapo kwenye kugawanya ndipo tawi, yaani jibu lile la pembeni, la y = 1 linapotupwa, kwani huko y′ ni 0; liandikeni kwenye ripoti pamoja na sababu, maana asistenti atauliza. Sasa y′ = v, v′ = −y. Alama ya v mnaichagua mwanzoni tu: 1 kwa kupanda, −1 kwa kushuka. Baadaye inageuka yenyewe.

Kila hatua chapisheni y² + v², inayopaswa kubaki 1. Kwa Euler inakua mara 1.01 kila hatua. Baada ya hatua 100 imefika 2.7. Tumieni Runge-Kutta ya daraja la nne, njia inayopima mteremko mara nne kila hatua.

Masharti yakiwa kwenye ncha mbili, mambo ni mengine. y″ + eʸ = 0, na y = 0 pale x = 0 na x = 1, ina majibu mawili: mteremko wa mwanzo (y′ pale x = 0) ni 0.549 au 10.847. Kisio lenu la kwanza la mteremko huo ndilo linaloamua mtaangukia lipi. Jaribuni 0, kisha 11, mchore yote mawili kabla ya kusema mmepata jibu.