Hesabu Nondo Kabla ya Kushika Bomba la Dawa

Ndugu mkulima wa nyanya, kama bado unapiga dawa kila Jumatatu kwa sababu tu ni Jumatatu, nakusihi uweke kwanza mtego wa feromoni, yaani harufu inayowavuta madume ya mdudu kantangaze, kwa maana hivyo ndivyo nilivyokuwa nikilima hapa Ilula, Iringa, hadi msimu mmoja ulipoisha fedha zikiwa zimeishia duka la pembejeo na matenga ya kupeleka sokoni yakiwa machache mno.

Kantangaze, nondo mdogo (mdudu arukaye anayefanana na kipepeo) mwenye asili ya Amerika Kusini aliyeingia nchini mwetu mwaka 2014, huruka zaidi alfajiri na jioni, na mabuu yake hula ndani ya jani, mahali ambapo dawa nyingi haziwafikii vizuri. Ukingoja hadi uone majani yamebabuka utakuwa umechelewa, kwani jike mmoja anaweza kutaga mayai hadi 260, na penye joto kizazi kizima hukamilika kwa takribani mwezi mmoja.

Mtego wangu ni beseni la maji yenye matone machache ya sabuni, na juu yake huning'inia kipira kidogo chenye harufu inayofanana na ya jike. Dume huifuata, huanguka majini na kuzama. Ninauweka chini, karibu na usawa wa miche, tangu siku ya kupandikiza. Kila Jumatano na Jumamosi asubuhi ninahesabu, ninaandika kwenye daftari na kubadilisha maji. Hesabu ya siku moja hainiambii mengi, lakini nikiona nondo 3, kisha 5, halafu ghafla 20, ninapita kwenye matuta nikikagua majani machanga na vitumba, na hapo ndipo ninapoamua kama dawa inahitajika. Ikihitajika, ninabadilisha kundi la kiambato chake, yaani namna kinavyomuua mdudu, kila kizazi cha mdudu, si jina la chupa tu, kwa sababu kantangaze huzoea dawa upesi.

Usitegemee beseni moja limalize wadudu shambani. Linanasa madume peke yake, na dume mmoja aliyebaki hupanda majike wengi.

Kosa lililoniumiza zaidi lilikuwa la kipira. Harufu yake hufifia baada ya wiki 4 hadi 6, nami nilikisahau. Beseni likawa tupu, nikaamini shamba ni safi, kumbe matunda yalikuwa yameshatobolewa. Siku hizi tarehe ya kukibadilisha ninaiandika kwa wino mzito ubavuni mwa beseni, na cha akiba kinakaa kwenye jokofu, ndani ya pakiti yake, bila kufunguliwa.