Kwa walimu tarajali: kusoma si kazi ya mwalimu wa lugha peke yake

Ninyi mnaoanza mafunzo ya ualimu, hasa wa hisabati na sayansi, mtaambiwa mapema kwamba kila mwalimu ni mwalimu wa kusoma. Nilipoingia chuoni niliamini kwamba mtoto akishajua kuunganisha herufi, kusoma kumekwisha, kilichobaki ni somo lenyewe. Mazoezi ya kufundisha ndiyo yaliyonibadilisha.

Chukueni swali hili: Juma ana vitabu 12, ambavyo ni vitatu zaidi ya vya Asha. Asha ana vitabu vingapi? Wapo wanafunzi wanaolisoma kwa sauti bila kukwama popote, kisha wanaandika 15. Wameona "zaidi", wakajumlisha. Kutamka wanajua, kutoa wanajua. Kilichowapita ni habari yenyewe: kati ya hawa wawili, mwenye vingi ni nani? Ukimrundikia mtoto huyu mazoezi ya kutoa, humsaidii. Mwambie akusimulie swali kwa maneno yake, au achore vitabu vya Juma na vya Asha kabla hajagusa tarakimu. Hapo unafundisha kusoma, na hakuna wa kukufanyia kazi hiyo.

Watafiti Gough na Tunmer walilieleza jambo hili mwaka 1986: ufahamu wa msomaji ni zao la kutambua maneno yaliyoandikwa na kuelewa lugha. Ni kuzidisha, si kujumlisha. Kimoja kikiwa sifuri, jibu ni sifuri. Mwaka 1988, Recht na Leslie waliwapa wanafunzi habari ya mchezo wa besiboli waisome, kisha waiigize kwa sanamu ndogo juu ya mfano wa uwanja. Wasomaji dhaifu waliokuwa wanaujua mchezo waliwapita wasomaji hodari wasioujua. Utafiti huo ulinigusa sana. Tangu hapo, kabla ya kusema mtoto fulani hajui kusoma, nauliza kwanza amepewa asome nini.

Tena kila somo lina usomaji wake. Kwenye historia unauliza nani aliandika, lini, akimwandikia nani. Kwenye sayansi jicho halitulii kwenye aya: linakwenda kwenye mchoro, linarudi.

Basi mnapoandaa andalio la somo, usomeni ukurasa wa kitabu cha kiada kama watu wasioijua mada, mkiwekea alama kila mahali ambapo mwandishi amedhani msomaji anajua tayari. Darasani, someni aya moja kwa sauti huku mkisema mnachowaza: "hapa sijaelewa, narudi juu", "mshale huu unaonyesha nini?" Kisha mwachieni mwanafunzi afanye vivyo hivyo na mwenzake. Msijaribu mada nzima, kipindi hakitatosha. Aya moja, ile ngumu kuliko zote.