Usuluhisho wa benki haufungi, na mtihani ni Novemba

Swali: Shikamoo. Nasoma shahada ya uhasibu, mwaka wa pili. Niko fildi kwa wiki nane kwenye ofisi inayotunza vitabu vya wateja wadogo hapa Dar es Salaam. Nimepewa usuluhisho wa benki (kulinganisha daftari la fedha na taarifa ya benki hadi yakubaliane) wa mwezi Juni wa mteja anayeuza vifaa vya ujenzi. Daftari la fedha linaonyesha salio la shilingi 4,815,000, taarifa ya benki 5,238,400. Kwenye daftari nimeongeza makato ya benki 38,600, kwa kuwa yako upande wa debiti kwenye taarifa, na 650,000 za mteja aliyelipa moja kwa moja benki. Nikapata 5,503,600. Upande wa benki nimeongeza 720,000 zilizopelekwa jioni ya tarehe 30 na kutoa hundi mbili ambazo hazijawasilishwa, 310,000 na 132,000. Nikapata 5,516,400. Imebaki 12,800 na sioni inakotoka. Msimamizi anasema ni ndogo, niendelee. Pia nina mitihani ya NBAA (bodi ya wahasibu) Novemba na jioni nafika nyumbani nimechoka. Nijipangeje?

Jibu: Marahaba. Usiendelee kwanza. Kwenye usuluhisho, tofauti ndogo haina maana kwamba kosa ni dogo. Mara nyingi ni makosa mawili makubwa yanayovutana, na yako ni hayo hasa.

Upande wa benki uko sawa. Kosa la kwanza ni yale makato. Taarifa ya benki imeandikwa kwa macho ya benki: fedha za mteja wenu ni deni ambalo benki inadaiwa na yeye. Kwa hiyo akitoa fedha wanamdebiti, akiweka wanamkrediti. Kwenye daftari lenu ni kinyume chake: fedha inayoingia ni debiti, inayotoka ni krediti. Makato yaliyo kwenye debiti ya taarifa yanaingia krediti ya daftari, yaani yanatolewa. Ulipoyaongeza badala ya kuyatoa, uliharibu mara mbili ya kiasi chenyewe: 38,600 mara 2 ni 77,200.

Rudia hesabu: 4,815,000 toa 38,600, ongeza 650,000, unapata 5,426,400. Ukilinganisha na 5,516,400 ya benki, sasa tofauti ni 90,000. Imekua, na hiyo ni habari njema, kwa sababu 90,000 inasema kitu ambacho 12,800 haikuweza kusema.

Gawanya kwa 9, unapata 10,000 kamili. Tofauti inayogawanyika kwa 9 bila baki inanukia tarakimu zilizopinduliwa. Na hapa unaweza kujua hata mahali pa kutafuta: tarakimu mbili zilizobadilishana ni ya malaki na ya makumi elfu, na zinapishana kwa 1. Kwa hiyo huhitaji kupitia mwezi mzima. Pitia viasi vya kuanzia laki tu. Kwa kuwa daftari liko chini ya benki, tafuta malipo yaliyoandikwa zaidi, kwa mfano 450,000 iliyoingizwa 540,000, au 230,000 iliyoingizwa 320,000. Au mapato yaliyoandikwa pungufu: 870,000 ikawa 780,000. Usisahau sifuri iliyodondoka, maana mapato ya 100,000 yaliyoandikwa 10,000 nayo yanaleta 90,000 ile ile. Ukikosa kote huko, ndipo utafute kiasi kizima cha 90,000 kilichorukwa.

Ukikipata, usifute wala kupaka wino mweupe. Chukua hati ya malipo yenyewe na nakala ya hundi, hakikisha benki ndiyo iliyo sahihi (benki nazo hukosea), kisha andaa ingizo la marekebisho lenye tarehe na maelezo, lipitishwe na msimamizi. Makato na yale malipo ya moja kwa moja nayo lazima yaingizwe kwenye daftari. Ukiyaacha kwenye karatasi ya usuluhisho tu, Julai utayakuta tena yanakusubiri. Hundi mbili na zile 720,000 hazihitaji ingizo lolote, kwani daftari tayari linazo.

Chuoni swali linakupa orodha iliyokwisha kuchambuliwa, na linaanzia mwezi ulioko mbele yako. Ofisini anza na usuluhisho wa Mei. Kila kilichoning'inia Mei kinapaswa kuonekana kwenye taarifa ya Juni, na unakitiki kwa rangi tofauti kabla hujagusa miamala ya Juni yenyewe. Wanafunzi wengi wanairuka hatua hii, halafu wanahangaika na hundi ya Mei iliyolipwa Juni wakidhani benki imekata fedha isiyojulikana. Hundi iliyokaa zaidi ya miezi sita bila kuwasilishwa imepitwa na muda. Mwambie msimamizi, isibebwe mwezi hadi mwezi kama mzigo wa familia.

Zile 720,000 zifuatilie kwa macho yako kwenye taarifa ya Julai. Fedha iliyopelekwa jioni ya tarehe 30 ionekane siku za kazi za mwanzo kabisa za mwezi. Ikichelewa wiki, omba hati ya kuweka fedha na uangalie muhuri na tarehe ya benki. Mtu anayechota makusanyo ya leo na kuyaziba kwa ya kesho hujificha papo hapo, kwenye "fedha iliyo njiani".

Na kwa muuza vifaa vya ujenzi, tazama malipo ya lipa namba. Yanaweza kuingia benki kwa mkupuo, yakiwa yameshakatwa ada. Mauzo yaandikwe kiasi kamili alicholipa mnunuzi, na ada iingie kwenye matumizi. Ukiandika kile kilichofika benki tu, mauzo ya kwenye vitabu yatapishana na ya mashine ya EFD (ya kutolea risiti za kodi), na hapo tatizo ni la VAT (kodi ya ongezeko la thamani), si la usuluhisho.

Sasa muda. Kalenda ya ofisi yako inaendeshwa na TRA, mamlaka ya mapato. PAYE (kodi ya mishahara) inatakiwa ndani ya siku 7 baada ya mwezi kwisha, ritani ya VAT tarehe 20. Kwa hiyo wiki ya kwanza ya mwezi na siku chache kabla ya tarehe 20 usipange kujisomea kitu kizito, wala usiombe ruhusa. Baada ya tarehe 20 ofisi hupumua. Hapo ndipo uombe nusu siku ya kwenda maktaba, na hapo ndipo ufanye karatasi nzima ya mtihani uliopita kwa saa tatu bila kusimama.

Siku za kawaida, kusoma usiku baada ya foleni ya Dar ni kujidanganya. Lala mapema, amka saa kumi na moja alfajiri, fanya swali moja tu, tena linalofanana na kazi ya jana. Umeshinda kwenye usuluhisho? Fanya la usuluhisho. Umeandaa mishahara? Fanya la kodi ya ajira. Masomo ambayo ofisi haiyagusi yaweke mwishoni mwa wiki, maana hayo ndiyo yatakayosahaulika. Usijiandikishe masomo mengi kwa sababu tu ada imepatikana. Fildi ikiisha Septemba, chuo kinafunguliwa, na Novemba haiko mbali.

Daftari la fildi lijaze siku hiyo hiyo na lisainiwe kila wiki. "Nimefanya kazi za benki" haimwambii chochote mwalimu atakayekuja kukukagua. Andika hivi: "Usuluhisho wa Juni. Makato 38,600 yalikuwa upande usio sahihi, tofauti iliyobaki 90,000 imegawanyika kwa 9, hati ya marekebisho imepitishwa." Jina la mteja usiliandike, wala usibandike nakala ya taarifa yake ya benki kwenye ripoti. Mwite Mteja A, na ukitaka kuonyesha jedwali, badilisha viasi kwa uwiano mmoja kabla ya kuchapa.