Nitajuaje kama mdogo wangu anahitaji daktari?

SWALI: Mdogo wangu wa kiume, mwenye umri wa miaka 26, amebadilika kwa miezi miwili sasa. Usiku hukesha, mchana hulala. Chakula hukigusa tu, na marafiki wakimpigia, simu huita mpaka ikakatika huku akiitazama. Baadhi ya ndugu wanasema ni uvivu, wengine wanataka alazwe mara moja. Nimsikilize nani?

JIBU: Dada yangu, simu hiyo imenishtua kuliko usingizi wake, kwa sababu mvivu huikimbia kazi, hawakimbii marafiki. Huzuni, au kupoteza hamu ya mambo aliyoyapenda mtu, ikimkaa karibu kila siku kwa wiki 2 au zaidi, na ikaandamana na kuvurugika kwa usingizi, kukosa hamu ya kula na kuishiwa nguvu, huwafanya wataalamu wafikirie ugonjwa wa sonona. Hata hivyo siwezi kumpima kwa barua, kwani upungufu wa damu na hitilafu za tezi ya shingo nazo huleta uchovu wa namna hiyo. Ndiyo maana ningependa aanze kwa daktari wa kawaida, apimwe damu na aulizwe kwa utulivu kuhusu hali yake.

Kiwango cha matibabu hakipangwi kwa jina la ugonjwa peke yake, bali zaidi kwa hatari iliyopo na kwa kadiri mtu anavyoweza kujihudumia. Anayeoga, anayekula na kufanya shughuli zake, ijapokuwa kwa shida, mara nyingi hutosheka na vikao vya ushauri nasaha, kwa kawaida mara moja kwa wiki, huku akilala kwake. Iwapo shughuli zimemshinda kabisa, huenda akahitaji pia dawa, ambazo huchukua wiki kadhaa kabla ya nafuu kuonekana vizuri, hivyo asiziache kwa kuwa siku 5 zimepita bila mabadiliko. Palipo na huduma ya kutwa, mgonjwa hushinda kituoni na kurudi nyumbani jioni. Kulazwa huwafaa hasa wale ambao usalama wao hauwezi kulindwa nyumbani: anayepanga kujiua, anayesikia sauti zinazomwamuru ajidhuru, au aliyeacha kula na kunywa. Kwa hao usisubiri miadi. Wapelekwe hospitali saa hiyo hiyo, na wasiachwe peke yao.

Nakusihi umuulize mdogo wako waziwazi, mkiwa wawili tu: “Umewahi kufikiria kujiua?” Wengi huogopa kwamba swali hilo litampandikizia mtu wazo hilo, lakini halimpandikizii, na mara nyingi humpa nafasi ya kusema alichokuwa akikibeba peke yake. Akijibu ndiyo, mwulize kama amefikiria njia na wakati, ondoa dawa na vitu vya hatari vilivyo karibu naye, kisha mwende hospitali pamoja. Akijibu hapana, usiulize tena kama atakwenda kwa daktari. Mwambie utamsindikiza, achague siku.