Uliiacha kanji, sasa unairudia? Maswali yenu na majibu

Wiki hii maswali ya sarufi ya Kijapani yatasubiri. Barua nyingi zimetoka kwa watu wa aina moja: waliowahi kuijua kanji, yaani herufi zenye asili ya China zinazotumika kuandika Kijapani, wakaiacha, na sasa wanaona haya hata kulifungua daftari.

Shikamoo mwalimu. Nilisoma Japani, nikarudi mwaka 2018 nikiwa na kanji kama 900. Juzi nimejaribu kuandika "Jumatatu" nikakwama kwenye 曜. Nianze upya kabisa? (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Usianze upya. Mimi nilianza upya mara mbili, na mara zote mbili nilifungua ukurasa wa kwanza: moja, mbili, tatu, mlima, mto. Raha tupu, maana hizo sikuwa nimezisahau. Nilipofika mia mbili na kitu, pale mambo yanapoanza kukaza, hamu ikaisha. Nikabaki bingwa wa zile 80 za darasa la kwanza la watoto wa Kijapani.

Kuitoa kanji kichwani mpaka uiandike ni kazi moja, kuitambua ukiiona ni kazi nyingine, na ile ya kwanza ndiyo inayopotea mapema. 曜 ina mistari 18. Kuikwama si ajabu. Lakini ukikuta 月曜日, Jumatatu, kwenye kalenda, hukusoma *getsuyōbi* bila hata kufikiri? Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio ya kumbukumbu na kuyachapisha mwaka 1885, alilipima jambo hili hili: orodha aliyokwisha kuisahau, akiirudia, ilimchukua muda mfupi kuliko mara ya kwanza. Kwa hiyo kuna akiba mahali fulani, hata kama leo huioni.

Chukua kitabu chako cha mwisho na penseli. Pitia orodha ya kanji bila kuandika chochote. Inayokuja yenyewe, maana na matamshi, iache. Ile ambayo sura unaijua ila jina limekataa kuja, iwekee nukta. Ile unayoiona kama mgeni kabisa, izungushie duara. Kisha anza na za nukta. Nyingine zitarudi siku hiyo hiyo, na huko kurudi kwake ndiko kutakakokupa moyo wa kuzivaa za duara. Ukurasa wa kwanza usiuguse.

Nimefungua Anki, ile programu ya kadi za kukariri, baada ya miaka mitatu, inanidai kadi 4,312. Nifute zote? (Kisumu)

Usifute, wala usijitie kuzimaliza wikendi moja. Ingia kwenye mipangilio: kadi mpya weka sifuri, marudio weka 40 kwa siku. Deni litalipika kwa miezi minne, mitano hivi, ukihesabu na zile zitakazorudi kukusumbua. Uliyoisahau, kubali kwamba umeisahau na ubonyeze hivyo. Kujidanganya hapo ni kujikopa mwenyewe. Na kadi iliyokushinda mara tano isimamishe. Mara nyingi kosa si lako. Kadi yenyewe ilitengenezwa vibaya, kanji moja imekaa peke yake bila neno wala sentensi.

Nazichanganya 待, 持 na 侍. Zamani sikuwa hivi! (Tanga)

Zamani ulikuwa na kanji chache, hapakuwa na za kuchanganya. Zote tatu upande wa kulia zina 寺, hekalu, na nadhani huko ndiko jicho lako linakokimbilia. Lirudishe kushoto. 待 ina 彳, kipande cha mwendo na njia: mtu yuko njiani, anangoja. 持 ina 扌, mkono: kushika, kuwa na kitu. 侍 ina 亻, mtu: yule anayesimama kumhudumia bwana wake, ndiye samurai.

Ila hekalu nalo halikuwekwa kwa urembo. Limebeba sauti. 寺 kwa matamshi yaliyotoka China ni *ji*, na 持 ni *ji*, 侍 ni *ji*, hata 時 ya saa na wakati ni *ji*. 待 imeasi, yenyewe ni *tai*. Familia iliyotulia kuliko hiyo ni ya 青: 清, 晴, 精, 請, zote zinasomwa *sei*. Hii ndiyo faida ya anayerudi, na sijui kwa nini vitabu vya kuanzia haviisemi kwa sauti kubwa. Anayeanza hana kanji za kutosha kuziona familia, wewe unazo, hata zikiwa zimelala. Tenga jioni moja, chukua kipande kimoja, ukusanye ndugu zake wote kwenye karatasi moja.

Nafanya kazi Nagoya, na simu inaniandikia kila kitu. Kuandika kwa mkono kuna maana tena?

Wajapani wenyewe wanasahau kuandika. Wana msemo *wāpuro baka*, mjinga wa mashine ya kuchapia. Mtihani wa JLPT, wa kupima Kijapani cha wageni, nao ni wa kuchagua jibu. Ungekuwa Morogoro ningekwambia achana nako. Lakini wewe utasimama dirishani kwenye ofisi za mji na fomu yenye 氏名 (jina), 住所 (anwani), 生年月日 (tarehe ya kuzaliwa), foleni imekusubiri nyuma. Jifunze kuandika anwani yako na jina la mwajiri wako mpaka mkono ujue wenyewe. Hizo zinatosha kwa kuanzia. Na ukiandika, fuata mpangilio wa mistari: 左 huanza na mstari wa kulala, 右 huanza na ule wa kuteremka kushoto. Zinafanana, lakini haziandikwi kwa namna moja.

Kitabu changu kinasema kanji rasmi ni 1,945. Kimepitwa? (Bujumbura)

Kidogo tu. Mwaka 2010 ziliongezwa 196 na kuondolewa 5, zikawa 2,136. Miongoni mwa zilizoingia ni 誰 (nani) na 箸 (vijiti vya kulia), ambazo kila mtu alikuwa akizitumia siku zote. Endelea nacho.

Nipo Dar, Mjapani simjui hata mmoja. Za kusoma nizipate wapi?

Umepanda gari leo? Fungua mlango wa dereva wa gari lililotoka Japani, utazame ubavuni, pale mlango unapofungia. Mara nyingi fundi wa kule amebandika karatasi ya huduma, na huku hakuna anayehangaika kuibandua. オイル交換: オイル ni oili, na hizo mbili za mwisho ni *kōkan*, kubadilisha. 次回 ni mara ijayo. Mwaka huenda ukafuata enzi ya mfalme: 平成27年 ni 2015, kwa kuwa Heisei ilianza 1989.

Mimi karatasi hiyo ilinirudisha darasani. Nilikuwa nakagua gari la kununua, dashibodi inasoma kilomita 96,000. Mlangoni pameandikwa 走行距離, na mbele yake 148,200. Nilikaa nayo dakika nzima, 走 kukimbia, 行 kwenda, 距離 umbali, mpaka ikaja: umbali ambao gari limetembea. Muuzaji alikuwa ameshanihakikishia kuwa hiyo ni namba ya gereji.