Shida ya mpakani mpelekee mbunge wa Afrika Mashariki, ya mtaro mwachie diwani

Hapa Dar mtu anamjua diwani wake kwa jina na mbunge wa jimbo kwa sura, lakini muulize wabunge wetu wa Afrika Mashariki ni akina nani, atakutolea macho. Simlaumu, maana hajawahi kuwapigia kura. Tanzania ina viti tisa kwenye Bunge lile la Arusha, na wanaovikalia huchaguliwa na Bunge letu la Dodoma, kwa sharti kwamba wasiwe wabunge wa huko huko Dodoma. Mwaka 2017 majina mawili ya kwanza ya Chadema yalikataliwa ukumbini, uchaguzi wa nafasi hizo ukarudiwa. Baadhi wanafika wakiwa wameshapita kwingi: Abdulrahman Kinana alikuwa waziri kabla ya kuwa Spika wa kwanza wa Bunge hilo, na Adam Kimbisa aliwahi kuwa meya wa jiji letu hili.

Mimi nauza batiki na vikoi, na mzigo wangu mwingi huishia Mombasa. Kikundi chetu cha Kariakoo kimeshakaa na wabunge hawa zaidi ya mara moja, kwa hiyo ninayoyasema nimeyaona.

Kubwa kuliko yote, mbunge huyu hana jimbo. Hana mfuko wa jimbo wala barabara ya kukuahidi. Kwenye kikao kimoja, ghorofani juu ya duka la vitambaa, mzee mmoja alisimama akaeleza kwa kirefu habari za mtaro uliozibwa mtaani kwake. Mheshimiwa alimsikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Mzee wangu, shikamoo tena. Hii mpelekee diwani, mimi nitakudanganya." Watu wakacheka, lakini nusu saa ilikuwa imekwenda.

Aliyefuata alikuwa mama wa Temeke, bahasha ya kaki mkononi. Hakuhutubia. Alitandika stakabadhi mezani moja moja: tarehe, aina ya mzigo, kiasi alicholipa, na mbili zisizosema malipo ni ya nini. "Mwanangu, nisomee wewe, hii pesa nililipia kitu gani?" Mheshimiwa akazigeuza, akaomba nakala, akaandika kwenye daftari lake kwa mara ya kwanza siku ile. Kama unajiandaa kwenda kumwona mbunge, nenda na bahasha kama ile.

Ila kabla ya kwenda, jiulize kama sheria haipo au ipo haifuatwi. Wengi tunachanganya hapo. Mzigo usiozidi dola 2,000, uliotengenezwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki na ulio kwenye orodha iliyokubaliwa, unaweza kupata cheti rahisi cha uasili, yaani cha kuonyesha mzigo umetoka wapi, pale pale mpakani na usitozwe ushuru wa forodha. Kodi nyingine za ndani zinabaki pale pale, usije ukagombana na afisa bure. Kuna pia sheria ya mwaka 2017 ya kuondoa vikwazo visivyo vya kiforodha, yaani masharti na usumbufu unaokwamisha mzigo bila kuwa ushuru. Ukizuiwa kwa jambo ambalo sheria imeshalimaliza, huhitaji muswada mpya. Unahitaji mtu aulize swali Arusha na waziri mhusika ajibu, na hilo mbunge mmoja anaweza.

Chagua wa kumwona kwa kuangalia kamati, usiangalie chama. Mambo ya biashara yapo Kamati ya Mawasiliano, Biashara na Uwekezaji. Ya mazao na mifugo yapo ya Kilimo, Utalii na Maliasili. Tena kama kikwazo kiko upande wa Kenya, mtafute na mbunge wa Kenya. Si usaliti huo, Bunge ni lao wote. Kama mzigo wako unapita Tunduma kwenda Zambia, hapo watakusikitikia tu, kwa sababu Zambia haimo kwenye Jumuiya.

Andika shida yako kwa Kiswahili, ukurasa mmoja. Wakuu wa nchi walikubali mwaka 2021 Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na wabunge wenyewe walikuwa wameshalidai hilo, lakini ukumbini Kiingereza bado ndicho kinachotawala. Kwa hiyo mtafute kijana wa chuo akutafsirie vizuri kwa Kiingereza, upeleke karatasi zote mbili. Usimwachie mheshimiwa kazi hiyo, ataiweka pembeni.

Halafu kaa ukijua kwamba muswada ukipita Arusha bado unasubiri saini za marais wa nchi wanachama. Ule wa vituo vya pamoja vya mpakani, vinavyomwezesha msafiri kumalizana na nchi zote mbili mahali pamoja, ulipitishwa na wabunge mwaka 2013 ukawa sheria mwaka 2016. Wanaoliita bunge la posho nawaelewa, na mimi kuna siku huwaita hivyo hivyo. Lakini sehemu ya ucheleweshaji ule haikuwa yao.

Bunge la sasa, la tano, lilianza Desemba 2022 na muhula ni miaka mitano. Mbunge haruhusiwi zaidi ya mihula miwili, hivyo sura zitabadilika. Wapya wakifika huhitaji muda kuzoea kamati zao. Mwenye bahasha yake aipeleke kwa hawa waliopo, na abaki na nakala ya kuwapa wanaokuja.